Mkanda Aliomo Majura

Jumatano, alasiri. Bweri.

Wingu limetanda upande wa ziwani tangu asubuhi, halinyeshi wala haliondoki. Nimekaa dirishani chumbani kwangu na kompyuta ya binti yangu mapajani. Waliobaki msibani nimewaambia kichwa kinaniuma. Si uongo sana. Kinauma kweli, ila kubwa zaidi ni kwamba sitaki kuambiwa "pole" na mtu yeyote mpaka jua lizame. Nimeshiba pole.

Mama tulimzika Jumamosi, Kigera, kwenye kiwanja chake kile kile alichokataa kuhama hata nilipomjengea chumba hapa kwangu. Kesho tunaanua matanga.

Leo asubuhi baba mdogo Bwire alikuja na wazee wawili wa ukoo. Nilipoona wamevaa viatu vya kufunga nikajua hawajaja kunywa chai.

"Mwalimu," akasema. Wote wananiita hivyo, hata walionizidi umri. "Kesho tukianua tumalize na la Majura. Mgomba utaletwa kutoka Butiama mapema. Watu wapo, mchungaji yupo. Tukikosa kesho basi tena, hakuna siku."

Nikasema nitafikiri.

"Unafikiri nini? Watu wanasafiri."

Majura ni kaka yangu. Alipotea ziwani na mwili wake haukuonekana. Kwetu mtu wa namna hiyo anazikwa kwa mgomba: shina linakatwa urefu wa mtu, linavikwa shuka, linalazwa kaburini, halafu ndugu wa tumbo moja naye anasimama mbele ya watu, anataja jina lake na kusema amekufa. Hilo neno lisiposemwa hakuna kaburi, mmefukia mgomba tu. Na wa tumbo moja naye nimebaki mimi peke yangu.

Mimi niliyemwahidi mama kwamba halitasemwa.

Vijana mnaopitia ukurasa huu mtaona nazidisha, lakini ngoja niwaambie miaka ile ilivyokuwaga. Sabuni haikuwepo. Sisemi ilikuwa ghali, nasema haikuwepo. Tulikuwaga tunafulia majani ya mpapai, unayaponda, unayachanganya na maji, nguo inatoka na rangi ya ajabu lakini angalau hainuki. Sukari tuliisikia redioni. Ukiona foleni kwenye duka la ushirika unaunga kwanza, ndipo unamuuliza aliye mbele yako kinauzwa nini. Basi wenye moyo wakawa wanavuka kwa boti kwenda ng'ambo, Kenya, na dagaa wa kubadilisha, wanarudi na sabuni na mafuta ya kula. Serikali iliita magendo. Mama zetu waliita sabuni.

Majura alivuka mara kadhaa akarudi salama. Alikuwa mcheshi, mwenye kujisifu, kila akirudi anatupa mche wa sabuni mezani kama mtu aliyeua simba. Mara ya mwisho aliondoka na wenzake watatu wakasema Jumapili watakuwa wamefika. Jumapili ikapita. Boti ilikutwa imepinduka karibu na kisiwa, magunia yanaelea. Wale wenzake walipatikana mmoja mmoja, wakazikwa. Yeye hapana.

Baba, alikuwa hai bado, akataka mgomba ukatwe. Mama akasimama mlangoni na panga. Hakutukana, hakulia. Alisema atakayeuleta huo mgomba hapa atalazwa nao. Baba alimjua mkewe, akaacha. Nadhani hawakuongea vizuri tena mpaka baba anakufa, walikuwa wanaongea habari za mihogo tu.

Kinachoniuma mimi mpaka leo ni sabuni.

Maana hazikupita siku nyingi tukapata rais mwingine, ikaja ruksa ya kila mtu kuleta na kuuza atakacho, na sabuni zikafurika. Za mche, za unga, zenye harufu ya maua. Zilipangwa kwenye meza za barabarani Musoma nzima kama nyanya. Kitu alichofia kaka yangu kikawa kitu cha kuomba upunguziwe bei. Nilikuwa napita pale sokoni nataka kuipiga teke ile meza. Mama hakugusa hata kipande. Alifulia mpapai mpaka mwaka huu, mpaka mikono ilipokataa. Alisema atafulia ya Majura akija nayo.

Na ruksa hiyo hiyo ndiyo iliyoleta video.

Mfanyabiashara mmoja wa vitenge kutoka Bunda, kule Nyasura, mtu mpole, swala tano, alinunua televisheni, deki ya kuchezea mikanda na jenereta. Akapanga ghala la pamba lililokuwa tupu mjini Musoma, akaweka mabenchi, akaziba madirisha kwa mablanketi. Maonyesho Jumapili baada ya ibada. Ndani joto la kufa mtu, nje jenereta linaunguruma. Mwanamke anayejiheshimu hakuwa anaingia mle.

Aliyewaita watu siyo televisheni, ni Masatu.

Masatu alikuwa rafiki wa Majura wa chanda na pete. Safari ile ya mwisho naye alikuwa aende, malaria ikamlaza. Akabaki. Baada ya hapo alikonda, akawa haongei, halafu ghafla tukasikia ndiye mkalimani wa video. Anasimama kando ya televisheni na kipaza sauti, mtu kwenye picha akifungua mdomo na yeye anafungua wake. Kichina hajui. Kiingereza hajui. La saba alimaliza kwa kusukumwa. Anatunga tu, Kiswahili anachanganya na Kijita, na watu wote walijua anatunga na ndicho walichomfuatia. Wahusika aliwapa majina ya watu wa huku. Mzee mmoja mbaya mwenye nyusi nyeupe alimpa jina la muuza duka la ushirika aliyekuwa anaficha sukari chini ya kaunta. Ukumbi ulivunjika mbavu.

Kulikuwa na mkanda mmoja ulioonyeshwa kila Jumapili mpaka ukachakaa, picha ina mistari, rangi zimemwagika nje ya watu. Jina lake liliandikwa kwa Kichina kwa hiyo hakuna aliyelijua. Ni habari ya kijana mpiga kung fu. Yule mzee wa nyusi anamchoma kisu kwa hila na kumtupa mtoni. Kijana anazama. Baadaye anatoka majini akiwa mzuka. Anaruka juu ya paa bila kushika kitu, viganja vinatoa moto wa kijani, akipiga hewa huku mti kule unakatika. Anawatafuta waliomuua mmoja mmoja.

Kijana huyo Masatu alimpa jina la Majura.

Sikumchukia kwa hilo. Nilimwelewa siku hiyo hiyo niliyosikia. Alimpa rafiki yake kaburi mahali alipoweza, na kaburi lenyewe lilikuwa na makofi ndani yake.

Shida ilikuwa watoto. Watoto wa Kigera wakaanza kucheza ile video. Wanapanda juu ya yale mawe makubwa, wanaruka wakipiga kelele, "Majuraaa!" Mama alikuwa uani anaanika dagaa. Akasikia jina la mwanawe linaitwa juu ya mawe. Alitoka mbio, nguo moja begani nyingine chini.

"Majura yupi? Mnamwita Majura yupi?"

Wakamjibu kama watoto wanavyojibu, bila kujua wamebeba nini. Majura wa kwenye video, bibi. Alikufa majini akarudi.

Jumapili iliyofuata mama alitoka kanisani na gauni lake la kitambaa cha bluu, akanishika mkono akasema twende. Nilikuwa msichana mkubwa tu, nimemaliza shule, nasubiri majibu ya chuo. Nilimwambia ile ni michezo, mama, ni Wachina wale. Akasema anajua ni Wachina, yeye siyo kipofu. Wanaume walipomwona anaingia wakasogea, tukakaa benchi la mbele kabisa.

Masatu hakutuona mwanzoni, mwanga wa televisheni unampiga usoni. Alikuwa kwenye moto siku hiyo. Kijana kachomwa, katupwa, maji yametulia. Watu wakaanza kupiga miguu chini kwa sababu wanajua kinachokuja. Maji yakachemka.

"Huyoo! Majura anatoka! Mlidhani mmemmaliza!"

Hapo ndipo mama aliposimama, na Masatu akamwona.

Alishusha kipaza sauti. Kwenye picha yule kijana alikuwa amesimama ukingoni, maji yanamchuruzika, anaongea na mwanamke mzee aliyepiga magoti. Midomo inaenda, maneno ya Kichina yanatoka, hakuna anayeyatafsiri. Nyuma watu wakaanza kelele, "Kalimani, sema!" Mama hakugeuka. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwagiza mtu chumvi.

"Masatu mwanangu, muulize yuko wapi."

Hata wahuni wa nyuma, nawapa heshima yao, hakuna aliyecheka.

Nilimwangalia Masatu. Jasho linamtoka. Alimtazama mama, akatazama televisheni, kijana bado anaongea. Akainua kipaza sauti.

"Anasema, mama, nipo. Anasema amechelewa tu." Akameza mate. "Anasema atarudi."

Makofi. Wallahi ghala lilitaka kuanguka. Na mimi nilipiga. Mama alisema ahsante, akajifunga kitenge vizuri, tukatoka. Hakungoja mapigano. Njiani aliniuliza kitu kimoja tu, Masatu alisoma mpaka la ngapi. Nikamwambia la saba, na hata Kiingereza hajui. Nilifikiri nampa sababu ya kutoamini. Akasema, "Enhee," akatembea kwa mwendo wa mtu aliyetuliwa mzigo.

Tangu siku hiyo mama akawa mzima. Hilo lazima niliseme. Alikula, alilima, alicheka msibani kwa watu mpaka tukaona aibu. Baba alipojaribu tena habari ya mgomba alimwambia kwa upole kabisa kwamba mtoto ametuma salamu.

Masatu yalimkaa rohoni. Miaka ikaenda, kila nyumba ikawa na deki yake, ghala likarudi kuwa ghala, yeye akaingia kwenye biashara ya samaki. Siku moja alikuja Kigera nikiwepo, nimeshaanza kufundisha. Alivua kofia akakaa chini kabisa, siyo kwenye kigoda.

"Mama, nina neno limenisumbua. Yale ya siku ile kwenye video yalikuwa yangu. Yule Mchina sijui alisema nini. Kichina sikijui hata neno moja."

Mama alikuwa anachambua dagaa. Akacheka kidogo.

"Najua hukijui, baba. Ungekijua nisingekuamini."

Tukatazamana na Masatu. Mama akatueleza polepole, kama mimi ninavyowaelezaga watoto wa darasa la kwanza. Huko alikokulia, kabla hajabatizwa, alipelekwa kwa mganga. Mzimu ukipanda unasema lugha ya mbali, hakuna aliye hai anayeijua. Pembeni anakaa mtu wa kutafsiri. Huyo mtu hakufundishwa na mtu. Mkute kesho yake shambani, mwulize hata neno moja la ile lugha, hajui. Anapitiwa tu. Anayejua lugha ndiye anaweza kukudanganya, kwa sababu anachagua cha kukwambia. Asiyejua atachagua nini?

"Ulisimama pale hujui Kichina, na ukasema," mama akamwambia. "Nani alikusemesha?"

"Nilikuonea huruma, mama."

"Na huruma hiyo nani alikutia?"

Mtu aliyewasemea Wachina wote wa dunia hakuwa na neno. Mimi na cheti changu cha ualimu wa sayansi sikuwa nalo pia. Alinyanyuka, mama akamfungia dagaa akampa. Nilimsindikiza mpaka barabarani, analia waziwazi, mtu mzima. Alikuwa amekuja kuchomoa mwiba na ameusukuma ndani zaidi.

Mchungaji naye alijaribu. Wajomba walijaribu. Mama aliwasikiliza wote kwa adabu na kuwapikia.

Mwezi uliopita alipozidiwa alinishika mkono pale hospitalini. Sauti ilikuwa imekwisha, nilisogeza sikio.

"Msinizikie mtoto angali hai."

Nikasema sawa, mama. Ungesema nini wewe?

Haya, ndiyo hayo. Wazee wameondoka hapa saa nne. Masatu alikuja nao ila alibaki nyuma, jikoni. Amezeeka kuliko umri wake, na ile sauti iliyojaza ghala imebaki mkwaruzo. Alinikuta napepeta mchele nisiohitaji kuupepeta.

"Mwalimu, lisemwe kesho," akasema. "Nakuomba. Mimi nimechoka kuwa wa mwisho kumsemea Majura. Nikifa hivi hivi nitamwambia nini nikimkuta?"

Nilimwonea huruma, na nikakumbuka huruma ya aina hiyo ilikotufikisha.

Halafu nikapiga simu kwa baba mdogo nikamwambia sawa. Nitasema.

Nimekubali kwa sababu Masatu anakufa taratibu. Nimekubali kwa sababu wazee wana haki, ukoo hauwezi kuwa na mtu asiye hai wala mfu. Na mama hayupo wa kushika panga. Nimemvunjia ahadi hata udongo wake haujakauka. Siombi mtu aniambie nimefanya vizuri.

Lakini mchana huu nilijifungia chumbani nijaribu kulisema. Maneno mawili tu, jina lake na kwamba amekufa. Nimefundisha watoto sayansi maisha yangu yote. Najua maji yanamfanya nini mtu. Najua Masatu alitunga, nilimwona akitunga, nilikuwa mita chache kutoka kwenye jasho lake. Nikafungua mdomo mbele ya kioo.

Hakuna kilichotoka.

Nilikaa kitandani nikicheka peke yangu kama mwendawazimu. Kumbe miaka yote nilidhani ni mama anayengoja na mimi ninamvumilia. Nilipewa uhamisho kwenda Mwanza, cheo kizuri, nikakataa, nikasema siwezi kumwacha mama. Nyumba hii ya Bweri nimeijenga karibu na barabara, nikasema ni kwa ajili ya usafiri. Pikipiki ikikata kona kuja huku naacha nilichoshika nachungulia dirishani, na leo ndiyo nimekiri namchungulia nani. Angekuwa mzee sasa. Nisingemjua hata akipita.

Nina hasira na huyo Mchina. Sijui alimwambia nini yule mwanamke aliyepiga magoti. Binti yangu anasema siku hizi picha hizo zote zipo mtandaoni na maandishi ya Kiingereza chini, anaweza kunitafutia. Nimemkataza. Nikijua alichosema itakuwa nini? Mama alishasema, anayejua ndiye mwongo.

Mnaona? Ndivyo ninavyofikiri sasa. Mwalimu mzima.

Basi ngoja niandike, labda mdomo utafuata mkono.

Majura amekufa.

Nimeifuta. Nimeiandika tena. Iacheni hapo.

Wingu bado liko pale pale. Nasikia wanawake wameanza kusonga ugali wa jioni, mmoja anauliza mwalimu ameamka. Nitatoka sasa hivi.

Kesho nitavaa nguo nyeusi, nitasimama kando ya kaburi la mama, nitalitaja jina na nitasema amekufa, kwa nguvu, hata Masatu mwenye masikio mabovu asikie. Mgomba utafukiwa, watu watakula, watapanda magari, watatawanyika. Mama hayupo tena wa kumngojea. Nitarudi hapa peke yangu, nitazima taa, na najijua mimi, mlango sitautia komeo.